Majina ya Sikukuu: Namna ya Kuyaandika Vizuri

Ndugu zangu mapadri, waseminari na makatekista,

Labda mmoja wenu atauliza: Je, kutazama herufi za majina ni kazi ya padri? Hatuna wagonjwa wa kutembelea? Hatuna ndoa za kutengeneza? Nami zamani niliwaza hivyo. Sikilizeni kwanza jambo lililonipata, kisha kila mmoja ataamua mwenyewe.

Mwaka wa kwanza wa upadri wangu nilipewa kutunza kapela kadhaa za upande wa mashamba, nje ya mji wetu wa Likasi. Kwaresima ilipokaribia niliandika tangazo, nikalipeleka kwa makatekista. Mezani nilikuwa na kalenda iliyopigwa chapa Tanzania, nami nilinakili jina kama nilivyoliona: «Jumatano ya Majivu». Sikuongeza tarehe, wala neno lingine.

Siku hiyo ilipofika nilikwenda kapela moja, nikawakuta watu saba. Nikaona uchungu moyoni, nikasema: Wakristu wa hapa wamepoa. Nikawapaka majivu wale saba, nikarudi misioni. Kumbe, siku mbili baadaye, asubuhi na mapema, kapela ilijaa watu. Wengine walikuwa wametembea saa mbili. Mama mmoja mjane alibeba matawi makavu ya mwaka uliopita, apate kuyachoma. Lakini padri hakuonekana. Walingoja mpaka jua likawa kali, wakasali rozari, wakarudi makwao.

Siku ya Mungu iliyofuata yule mama alinijia baada ya Misa. Hakupandisha sauti. Alisema: «Padri, ulituandikia juma tano. Tulihesabu: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Mimi najua kuhesabu.» Nikamjibu: «Mama, kosa ni langu.» Akauliza tena: «Na nyama tuliyokula siku ya tatu bila kujua?» Nikamwambia kwamba asiyejua hana dhambi katika jambo hilo, naye akaenda kwa amani. Lakini mimi sikwenda kwa amani. Jina moja lililoandikwa bila kufikiri liliwanyima watu mwanzo wa Kwaresima.

Basi, tutazame jambo hili polepole.

I. Tano tatu

Yule mama alihesabu vizuri. Sisi tulio wengi katika Katanga twaanza juma kwa siku ya kwanza ya kazi. Twasema siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka siku ya tano. Kisha siku ya posho, yaani siku ya kugawiwa chakula. Kisha siku ya Mungu. Kwa hesabu hiyo siku ya tano ni ile inayoitwa kwa Kifaransa «vendredi».

Watu wa pwani wahesabu namna nyingine. Kwao juma laanza nyuma ya Ijumaa, siku ya Waislamu ya kukusanyika kwa sala. Kwa hiyo Jumamosi ni siku ya mosi, maana yake ya kwanza. Jumapili ya pili. Jumatatu ya tatu. Jumanne ya nne. Jumatano ya tano. Hiyo Jumatano yao ni siku yetu ya tatu. Kisha yafuata Alhamisi, neno lililotoka Kiarabu, nalo pia lina hesabu ya tano ndani yake, kwa sababu Waarabu waanza kuhesabu na siku yetu ya Mungu.

Eklezia nayo ina hesabu yake katika Kilatini. Dominika ni siku ya Bwana, nayo ni ya kwanza. «Feria secunda» ni siku yetu ya kwanza. «Feria quarta» ni siku ya majivu, na «feria sexta» ni siku Bwana aliyokufa msalabani. Wareno wafuata hesabu hiyo hata leo katika maneno ya kila siku.

Tazameni basi. Siku ya majivu ni ya nne kwa Kilatini, ya tano kwa pwani, ya tatu kwetu. Na katika Juma Takatifu siku tatu zinazofuatana zabeba hesabu ya tano, kila moja kwa watu wake: Jumatano kwa pwani, Alhamisi kwa Waarabu, siku ya tano kwa Katanga. Anayeandika «Jumatano» kwa wasomaji wa Katanga bila kueleza, awapa fumbo. Nalo si fumbo dogo, kwa maana siku ya majivu na siku ya kufa Bwana ndizo siku mbili ambazo sheria ya Eklezia yadai kufunga pamoja na kuacha nyama.

II. Majina yetu yalitoka wapi?

Tusiwalaumu wazee wetu kwamba walituachia majina mengi. Kiswahili cha Eklezia kiliingia Katanga kwa milango zaidi ya mmoja. Mapadri Weupe waliipokea misioni ya Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Kiswahili chao kilikuwa ndugu wa kile cha ng'ambo ya ziwa. Wabenedikti walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani mwaka 1911. Kampuni ya Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906 ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, nao walihitaji lugha moja ya kusikilizana kazini na kambini. Mji wetu, ulioitwa zamani Jadotville, ulikua katika mchanganyiko huo.

Tena, mwaka 1930 nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza ziliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili, na msingi wake ukawa Kiswahili cha Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwa ndani ya kamati hiyo. Ndiyo maana kitabu cha Tabora na kitabu cha Katanga vyaweza kutaja sikukuu moja kwa sura mbili. Huko waliokaa karibu na Waingereza husema Krismasi, neno lililotoka maneno mawili ya Kiingereza, Kristu na Misa. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa twasema Noeli, neno ambalo asili yake ni Kilatini, nalo lataja kuzaliwa. Wakatoliki wengi wa Tanzania nao husema Noeli. Majina yote mawili ni mazuri. Ubaya waingia tunapoandika moja leo na lingine kesho, au tunapoandika nusu ya Kifaransa na nusu ya Kiswahili.

III. Herufi moja yaweza kugeuza imani

Wako wanaosema: Watu watasikia tu, hata tukikosa herufi. Nawajibu kwa mfano wa sikukuu mbili.

Siku ya 40 ya Pasaka twasherehekea Kupaa Bwana. Mahali pengine sherehe hiyo yahamishwa siku ya Mungu inayofuata. Tarehe 15 ya mwezi wa 8 twasherehekea Kupalizwa Bikira Maria. Kwa Kifaransa «Ascension» na «Assomption» zafanana masikioni, na waseminari wengi wamekwisha kuzichanganya katika mitihani. Lakini Kiswahili kimetupa zawadi. Kupaa ni kwenda juu kwa nguvu zako mwenyewe, kama ndege apaavyo. Kupalizwa ni kuinuliwa na mwingine. Ile herufi w yatuonyesha kwamba kuna mwingine aliyetenda. Bwana alipaa, kwa kuwa ni Mungu. Mama yake alipalizwa, mwili na roho, kwa uwezo wa Mungu. Hayo ndiyo mafundisho aliyoyatangaza Papa Pius XII tarehe 1 ya mwezi wa 11, mwaka 1950.

Basi, katekista akiandika ubaoni «Kupaa kwa Maria», watoto watajifunza kwamba Maria alikwenda mwenyewe. Hakuna mtu aliyehubiri uzushi, ubao umeuhubiri.

Mfano wa pili ni wa wenyeheri wetu. Sista Anuarite alitangazwa mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 ya mwezi wa 8, mwaka 1985, na Papa Yohane Paulo II. Sikukuu yake ni tarehe 1 ya mwezi wa 12. Isidori Bakanja alitangazwa mwenyeheri mwaka 1994. Lakini mara nyingi twasoma katika matangazo «Mtakatifu Anuarite». Twampenda, ndiyo. Lakini kumpa mtu jina la mtakatifu kwa kalamu yetu siyo kazi yetu. Ni kazi ya Eklezia. Tena jina lake mwenyewe laandikwa mahali pengine Anuarite, na mahali pengine Anwarite. Parokia ichague sura moja, wala isibadilishe kila mwaka, maana wasichana wengi wabatizwa kwa jina hilo. Kitabu cha ubatizo kikisema hivi na karatasi ya shule ikisema vile, mtoto ataambiwa siku moja kwamba si yeye.

IV. Kanuni tano

Kanuni ya kwanza: Fuata lugha unayoandika. Ukiandika Kiswahili, andika Noeli, Pasaka, Pentekoste, Epifania. Usitie «Noël» au «Pâques» katikati ya maneno ya Kiswahili. Mzee aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili tu ataishia hapo.

Kanuni ya pili: Kiswahili huandikwa kama kinavyosikika, na silabi zake kwa kawaida huishia kwa vokali. Kwa hiyo si «Noel» bali Noeli. Si «Paska» wala «Pake» bali Pasaka. Si «Pantekoti» bali Pentekoste. Tazameni jambo la kupendeza. Wafaransa waliacha zamani kutamka herufi s katika majina hayo, nao waliweka kofia ndogo juu ya vokali kuwa kumbukumbu yake: «Pâques», «Pentecôte». Kiswahili chetu kimeitunza s ile. Anayeandika «Pake» atupa herufi ambayo babu zetu katika imani waliilinda.

Kanuni ya tatu: Jina la sikukuu lianze kwa herufi kubwa, na kila neno kuu la jina hilo vilevile: Watakatifu Wote, Kristu Mfalme, Utatu Mtakatifu. Maneno madogo kama «ya», «wa» na «na» yabaki madogo: Mwili na Damu ya Kristu. Neno «sikukuu» lenyewe laandikwa leo kama neno moja, ijapokuwa vitabu vya zamani vya misioni viliandika maneno mawili. Kadhalika Kristu na Kristo: vitabu vya zamani vya Wakatoliki vyapenda Kristu, vingine Kristo. Tusigombane. Fuata kitabu cha sala ambacho watu wako wanacho mkononi, na katika karatasi moja usitumie sura mbili.

Kanuni ya nne: Jina la siku ya juma lisisimame peke yake. Andika tarehe na mwezi kwa tarakimu, na majina mawili ya siku ikihitajika. Kwa mfano: «Siku ya Majivu, siku ya tatu ya juma (Jumatano)», kisha tarehe ya mwaka huo. Hapo hata aliyetoka Kigoma na aliyezaliwa Likasi watafika kanisani asubuhi moja.

Kanuni ya tano: Tazama kalenda ya sasa, usinakili daftari la zamani. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alitengeneza upya kalenda ya Roma. Tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, iliyokuwa sikukuu ya Kutahiriwa Bwana, ikawa sherehe ya Maria Mama wa Mungu. Sherehe ya Kristu Mfalme, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1925 katika siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa 10, ilihamishwa hadi siku ya Mungu ya mwisho ya mwaka wa liturujia. Na kumbukeni ngazi tatu: sherehe ndiyo kubwa kupita zote, kisha sikukuu, kisha kumbukumbu. Mazungumzoni twaziita zote sikukuu, nalo si kosa. Lakini katika kalenda ya parokia kila moja ipewe neno lake.

V. Tukiandika Kifaransa au Kiingereza

Barua zetu nyingi kwa serikali na kwa shule ni za Kifaransa, na huko kuna mitego yake. «Noël» ina nukta mbili juu ya e. «Pâques» ina s mwishoni. «Toussaint», ijapokuwa maana yake ni watakatifu wote, ni neno moja. Siku ya juma yabaki na herufi ndogo, na neno la sikukuu lachukua kubwa: «le lundi de Pâques», «le mercredi des Cendres», «le dimanche des Rameaux». Tena Wafaransa watenga mtakatifu na sikukuu yake. Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, ni «sainte Barbe», kwa herufi ndogo na bila kiungo. Sikukuu yake, tarehe 4 ya mwezi wa 12, ni «la Sainte-Barbe», kwa herufi kubwa na kistari katikati. Sisi wa mji wa migodi yafaa tuijue hiyo.

Kiingereza nacho kimekaribia mlango wetu. Wakristu wetu wavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, nao waleta barua na mialiko ya parokia za huko. Waingereza hufanya kinyume cha Wafaransa: siku ya juma na neno la sikukuu, yote mawili kwa herufi kubwa. «Good Friday» ni siku ya kufa Bwana. Neno lile la kwanza hapo lina maana ya zamani ya utakatifu, kwa hiyo msilitafsiri «Ijumaa Njema», bali Ijumaa Kuu. Katika «Christmas» herufi t yaandikwa lakini haisikiki. Katika «Ash Wednesday» d ya kwanza vilevile haisikiki. Wengine hufupisha wakiandika «Xmas». Ile X ni herufi ya Kigiriki inayoanza jina la Kristu, si alama ya kumfuta. Lakini katika barua ya kanisa andika neno zima.

Mtego mkubwa wa Kiingereza ni ile alama ndogo ya juu inayofanana na koma, ambayo yaonyesha mwenye kitu. Mwenye siku akiwa mmoja, alama yatangulia s: «New Year's Day», «St Joseph's Day». Wakiwa wengi, alama yafuata s: «All Saints' Day», siku ya Watakatifu Wote, «All Souls' Day», siku ya Marehemu Wote. Ukiiweka mbele ya s katika siku ya Watakatifu Wote, umesema mtakatifu ni mmoja tu.

Hapo nikumbushe jambo la kwetu. Tarehe 1 ya mwezi wa 11 ni ya Watakatifu Wote. Tarehe 2 ni ya Marehemu Wote. Wale wa kwanza watuombea sisi. Hawa wa pili twawaombea. Tusizifunge siku mbili kwa jina moja la «Toussaint». Wala tusizichanganye na tarehe 1 ya mwezi wa 8, Siku ya Wazazi katika nchi yetu, ambapo watu huenda kusafisha makaburi asubuhi na kuwaheshimu wazazi walio hai. Hiyo ni siku ya taifa, kama 30 ya mwezi wa 6, Siku ya Uhuru. Katika tangazo tuseme wazi lipi ni la Eklezia na lipi ni la serikali, watu wajue kama wanaitwa Misani au la.

VI. Tufanye nini?

Naomba jambo dogo. Kila parokia iandike karatasi moja, ibandikwe sakristia na katika kila kapela: majina ya sikukuu za mwaka, tarehe zake, na siku ya juma kwa namna ya watu wa pale. Katekista mmoja aisome kwa sauti mbele ya wenzake kabla ya kuibandika. Wakicheka au wakiuliza, ujue kuna neno la kutengeneza. Waseminari walio likizo waweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja. Na anayetuma matangazo kwa simu anakili karatasi hiyo, asitunge yake.

Mwaka uliofuata niliandika tena tangazo la Kwaresima kwa kapela ile: «Siku ya Majivu», hesabu yetu, hesabu ya pwani, tarehe na saa. Kabla ya kulituma nilimwomba yule mama mjane alisikilize. Nilisoma, naye akahesabu kwa vidole, akafika siku ya tatu, akasimama hapo. Akasema: «Sasa, Padri, hata wewe umejua kuhesabu.»

Siku ile kapela ilijaa. Matawi yake makavu ndiyo tuliyoyachoma.